Oili ya Gari la Msikiti Ilikwenda Wapi?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, wiki hii nimeiweka kando mada ya malezi niliyokuwa nimeiahidi, ili niandike juu ya jambo lenye deni ndani yake. Deni hilo ni langu mimi mwandishi. Aliyekuwa akinidai ameniruhusu nilieleze hadharani, kwa sharti kwamba nisilitaje jina lake.

LITA SABA KATIKA MIEZI MITATU

Msikiti wetu hapa Namtumbo una gari moja, Toyota Noah ya muundo wa zamani, lililonunuliwa kwa michango ya waumini na kuwekwa wakfu. Gari hilo hubeba jeneza, hupeleka wagonjwa Songea, mwendo wa takriban kilomita 70, na siku za mashindano ya Qur'an hubeba watoto wa madrasa. Dereva wake alikuwa kijana wa hapa hapa, mwenye mke na mtoto mmoja, ambaye hujitolea. Halipwi mshahara, hupewa posho ya chakula anaposafiri.

Mimi, kama katibu wa kamati, ndiye ninayetunza daftari la matumizi. Katika kikao cha mwisho wa robo mwaka nilisoma hesabu mbele ya wajumbe hadi nikafika kwenye mstari wa oili ya injini. Mbali na oili iliyotumika wakati wa kubadilisha, tulikuwa tumenunua lita 7 za kuongezea ndani ya miezi mitatu. Injini ile hujazwa takriban lita 4 tu. Ilikuwa kana kwamba tumeijaza upya karibu mara mbili.

Mzee mmoja akauliza, "Katibu, hizo lita saba zimekwenda wapi?"

Nikamgeukia dereva. Kijana akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, kila nikichomoa kijiti cha kupimia naikuta imepungua, naongeza. Nilishamweleza katibu kwamba gari lina harufu."

Ni kweli alinieleza, tena mara mbili. Nami nilimjibu kwamba gari la zamani halikosi harufu.

Tukatoka nje sote kwenda kuangalia mahali gari linapolala. Mchanga ulikuwa mkavu, hauna hata tone moja. Mzee yule akatikisa kichwa, akasema, "Injini haina tumbo. Oili isiyodondoka chini, basi imekwenda sokoni." Watu wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao.

Kisha nikatoa pendekezo, na pendekezo hilo ndilo lililonitia katika deni. Nilisema ufunguo wa gari ukae kwangu, oili ya akiba ifungiwe katika sanduku la ofisi, na dereva "apumzike kwa muda". Sikulitaja neno wizi. Hapakuwa na haja, kwa kuwa kila aliyekuwepo alilisikia. Kijana akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya daftari langu, akaaga.

Kikao kilifungwa kwa dua baada ya Alasiri. Kabla ya Isha habari ilikuwa imefika majumbani. Mkewe aliisikia akiwa kwenye foleni ya maji. Mama yake, ambaye huuza vitumbua asubuhi, aliulizwa na mteja kama vitumbua vya siku hiyo vilikaangwa kwa oili ya msikiti. Yule kijana, aliyezoea kusimama safu ya kwanza, akawa anaswali safu ya nyuma karibu na mlango, na imamu akimaliza kutoa salamu huwa ameshatoka.

OILI CHINI YA KUFULI YANGU

Kwa wiki tatu gari likawa mikononi mwangu. Nililiendesha mwenyewe kupeleka mgonjwa Songea, na mara moja kwenda Lusewa kwenye maziko. Oili ya akiba ilikuwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwangu.

Asubuhi moja, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali pa tambarare, nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha hadi mwisho, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini. Nikaongeza lita moja. Baada ya siku kumi nikapima tena, imeshuka vilevile.

Ndugu msomaji, nilikaa kwenye kizingiti cha ofisi nikiwa na kijiti kile mkononi. Kama kipimo cha wizi ni oili kupungua, basi mwizi wa wiki zile tatu nilikuwa mimi. Na kama mimi sikuiba, nilikuwa nimemfanya nini mtoto wa watu?

Nikalipeleka gari kwa fundi. Katika Noah za muundo ule injini haipo mbele. Imekaa chini ya viti vya mbele, na asiyeinua kiti haioni kabisa. Fundi akainua kiti, akafungua mfuniko, akamulika kwa tochi. Ubavu wa injini ulikuwa umepakaa tope jeusi la oili na vumbi la barabara zetu.

"Katibu," akasema, "nyinyi mliangalia chini. Injini hii inavuja juu."

Akanionyesha kifuniko kinachofunika sehemu ya juu kabisa ya injini, ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Chini yake zimo kamshafti na valvu zinazofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa dakika, na oili husukumwa kutoka chini ili izilainishe. Baina ya kifuniko hicho na kichwa cha injini hukaa gasketi ya mpira. Mpira huo, kwa joto la miaka mingi, hukauka na kuwa mgumu kama kipande cha plastiki, hukosa mnepo wake, na oili hupata njia.

"Sasa mbona mchanga ulikuwa mkavu?" nikamuuliza.

Akanipa sababu mbili. Ya kwanza, oili hufika juu injini inapofanya kazi tu. Injini ikizimwa, oili hurejea chini kwenye sampo, kwa hiyo usiku gari likilala, huko juu hakuna kingi cha kuvuja. Ya pili, oili inayotoka safarini hushuka ubavuni na kuangukia bomba la moshi linapotokea kwenye injini. Bomba hilo huwa na moto mkali kiasi kwamba oili hugeuka moshi kabla ya kufika ardhini. "Kinachobaki ni harufu," akasema.

Harufu ile ile ambayo kijana alinieleza mara mbili.

Fundi akaongeza jambo lililonitisha zaidi. Oili juu ya bomba la moto inaweza kuwaka. Na kwa kuwa injini hiyo iko chini ya viti, moshi wake huingia ndani, wanamokaa wagonjwa na watoto wa madrasa. Na siku ambayo dereva angeacha kuongeza, injini ingekosa oili njiani na kujifunga. Maana yake ni kwamba yule tuliyemdhania kuwa anaiba oili ndiye aliyekuwa akiinusuru injini kwa kuiongeza.

JINSI ILIVYOTENGENEZWA

Nitaieleza kazi hii hatua kwa hatua, kwa sababu familia nyingi siku hizi zina magari ya mtumba yenye tatizo hili hili, na mwenye gari akijua kinachofanyika hapotezi mali yake.

Kwanza, hakikisha chanzo. Oili hufuata mteremko na upepo, kwa hiyo panapoonekana pamelowa si lazima ndipo panapovuja. Fundi aliosha injini ikiwa imepoa, akaikausha, kisha akanyunyiza poda ya watoto kuzunguka ukingo wa kifuniko. Tukaendesha kwa dakika 20 hivi na kurudi. Juu ya poda nyeupe ulionekana mstari mweusi ukianzia kwenye pembe ya kifuniko na kushuka ubavuni. Shahidi huyo hakuhitaji mkalimani.

Pili, kufungua. Injini iachwe ipoe kabisa. Nyaya za plagi huwekewa alama kabla ya kuchomolewa ili kila moja irudi mahali pake. Mipira ya hewa iliyoungana na kifuniko hutolewa, kisha nati hulegezwa kidogo kidogo. Kifuniko kikigoma, hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira au kipande cha ubao. Asiyejua hukibandua kwa bisibisi, akakwaruza uso wa aluminiamu na kutengeneza njia mpya ya kuvujia.

Tatu, kusafisha. Hapa fundi alinionyesha kosa la aliyekifunga kifuniko kile miaka ya nyuma: alipaka silikoni nyingi pande zote juu ya gasketi iliyokwisha chakaa. Silikoni iliyozidi humenyeka ndani vipande vipande, ikashuka na oili na kuziba chujio la pampu. Mfereji wa gasketi na uso wa kichwa cha injini husafishwa hadi ving'ae, na matundu yaliyo wazi hufunikwa kwa kitambaa safi ili takataka zisidumbukie. Uso wenye mafuta hauishiki gasketi, hata ikiwa mpya.

Nne, kufunga. Gasketi mpya ya mpira hulazwa kavu katika mfereji wake. Silikoni hutiwa tone dogo kwenye pembe tu, pale uso wa kichwa cha injini unapopanda na kushuka karibu na vishikio vya kamshafti. Sili za mabomba ya plagi na raba za chini ya nati nazo hubadilishwa, maana sili ikichoka oili hujaa kwenye visima vya plagi na gari huanza kukosa. Nati hukazwa kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu, na kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, bila kuzidisha. Wengi hudhani kukaza sana ndiko kuzuia. Kukaza kupita kiasi huiponda gasketi na kukipinda kifuniko, na uvujaji hurudi upya.

Tano, pumzi ya injini. Ipo valvu ndogo inayotoa hewa iliyobanana ndani ya injini. Ikiziba, shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje hata penye gasketi nzima. Fundi aliichomoa na kuitikisa. Ilikuwa kimya kwa uchafu, ilhali iliyo nzima hulia kama njuga ndogo. Akaweka nyingine. Kisha tukaiacha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, tukapima oili, tukawasha, tukakagua.

Gasketi hiyo haikufikia bei ya galoni moja ya oili. Kazi nzima ilimalizika baina ya Adhuhuri na Alasiri. Zaidi ya mwezi umepita na kijiti kinasoma pale pale.

SHERIA INASEMAJE

Nilihitimu chuo cha Kiislamu, na haya ninayoyaeleza sasa nilikuwa nikiyajua hata siku ile ya kikao. Hilo ndilo linalonisikitisha.

Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Aya ya 12 ya sura hiyo inatutaka tujiepushe na dhana, na inaharamisha kupelelezana na kusengenyana. Hadithi ya 33 katika Arubaini ya Imamu Nawawi inaweka msingi wa mahakama zote za haki: ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha. Sisi tuligeuza. Tulimtaka mtuhumiwa athibitishe kwamba oili haikuuzwa, na sisi wenye madai hatukuleta chochote isipokuwa mchanga mkavu na kicheko.

Tena mafakihi wamebainisha kwamba aliyekabidhiwa mali kwa uaminifu, mkono wake ni mkono wa amana. Mali ikipungua bila uzembe wala kuvuka mipaka, hatozwi, na kauli yake ya kupotea kwa mali hukubaliwa kwa kiapo. Kijana yule hakuwa mzembe. Aliona, akaongeza, akatoa taarifa. Mzembe alikuwa mpokea taarifa.

Tusome pia Sura ya An-Nisaa, kuanzia aya ya 105 hadi 112. Wafasiri wamepokea kwamba deraya iliibwa mjini Madina, na wenye kumhami mwizi wakamtupia lawama mtu asiyehusika. Katika riwaya iliyo mashuhuri, asiyehusika huyo alikuwa Yahudi. Aya zikateremka kumsafisha asiye na hatia, ingawa hakuwa Mwislamu, na kumkemea anayetenda kosa kisha akambebesha mwingine. Ikiwa wahyi uliteremka kulinda heshima ya mtu yule, sisi tunayo hoja gani ya kuipuuza heshima ya ndugu anayeswali pamoja nasi?

Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihin ameeleza kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikihusu haki ya mwanadamu huongezeka la nne, nalo ni kuirejesha haki hiyo kwa mwenyewe. Oili tungeweza kuirejesha kwa fedha. Jina la mtu linarejeshwaje?

KULIPA

Nilikwenda nyumbani kwake usiku baada ya Isha. Nilimkuta na mama yake. Nikawaeleza yote, hata kijiti nilichokishika kizingitini. Mama yake alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu katibu, hapa umekuja usiku. Mwanangu mlimvunjia heshima mchana."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa hukumu yangu. Nikaitisha kikao kingine, saa ile ile ya Alasiri, na nikaomba wajumbe wote waliokuwepo awali wahudhurie. Nikaleta gasketi kuukuu, ngumu na iliyokatika, nikaizungusha mkono kwa mkono. Yule mzee aliyesema injini haina tumbo aliishika kwa muda, akaomba msamaha kabla yangu. Allah amlipe kheri. Muhtasari wa kikao cha awali sikuuchana. Niliandika chini yake kwa kalamu ile ile kwamba kauli iliyomhusu dereva haikuwa na ushahidi na kwamba mwenye kosa ni katibu aliyepuuza taarifa. Baada ya Swala ya Ijumaa, imamu aliniruhusu nisimame niseme hayo mbele ya waumini, kwa kuwa habari ilikuwa imevuka mlango wa ofisi.

Kijana amesamehe. Nilipompa ufunguo, hata hivyo, alisema, "Kaa nao kwanza, Katibu." Kukiwa na msiba au mgonjwa huitwa, huja, huendesha, kisha hunirudishia ufunguo siku ile ile. Safu ya kwanza amerejea. Ufunguo bado uko kwangu, na kila ninapoushika nakumbuka kwamba msamaha na imani si kitu kimoja.

NA MAJUMBANI MWETU

Ndugu wazazi, si kila nyumba ina gari, lakini kila nyumba ina kitu kinachopungua: sukari kwenye kopo, chenji juu ya kabati, salio katika simu, unga katika gunia. Na kila nyumba ina mtu ambaye lawama humfikia upesi kuliko wengine. Huenda ni mtoto wa kambo, binti wa kazi, au yatima tuliyemchukua tukitaraji thawabu. Kabla hujamwita, pima kwanza ukiwa umekishika kitu hicho mwenyewe. Jiulize kama aliwahi kukueleza jambo ukalipuuza. Ukiwa na swali, muulize faraghani, wala usilitoe mbele ya wageni au wenziwe. Na ukibaini umekosea, omba radhi mbele ya wale wale waliosikia tuhuma. Mtoto anayeona baba yake akisema "nilikosea" hujifunza uadilifu kuliko kwa mawaidha ya mwaka mzima.

Wenye magari nao wapime oili angalau mara moja kwa wiki, waandike tarehe na kiasi wanachoongeza, na wasidharau harufu ya kuungua.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe dhulma tulizozitenda kwa kujua na kwa kutojua, azihifadhi ndimi zetu, na atuwezeshe kulipana haki hapa duniani kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu itakayokubaliwa. Amin.

Wallahu aalam.